Walinipima Mimi Tu

Kwa miaka mingi ya ndoa nilifunga duka langu la vitenge, nikaenda kuvua nguo mbele ya madaktari wa Kampala, wala hakuna aliyeuliza habari za mume wangu. Nilidungwa sindano, nikaingizwa dawa kwenye mji wa mimba ili waone kama mirija imeziba. Haikuwa imeziba. Mama mkwe, mjane wa mwanajeshi, anayeishi Mbuya karibu na kambi ya jeshi, hakutaka kusikia. Kila nikienda kwake alinichemshia mizizi michungu, akasimama mlangoni mpaka nimalize.

“Kunywa yote,” aliniambia kwa Kiswahili chake cha kambini. “Tumbo yako iko na baridi.”

Mwanawe, mume wangu, amekaa hapo, anakunywa soda.

Mwanawe huyo alikuwa anafanya kazi Katwe, ya kuvunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha kwenye tanuri madini ya risasi yaliyomo. Alirudi nyumbani akikohoa, nguo zinanuka moshi, nami nikazifua.

Daktari wa mwisho, mwanamke, ndiye wa kwanza kuniuliza, “Mumeo amepimwa?”

“Nipimwe nini?” mume wangu alifoka nilipomweleza. “Mimi ni mwanamume kamili!”

Nikamwambia sipandi tena kitanda cha hospitali mpaka na yeye apimwe. Alinuna, akaenda. Mbegu zake zilikuwa chache, nyingi zimeharibika.

Daktari alimweleza taratibu. Moshi, joto na risasi huzidisha mwilini kemikali zinazoshambulia mbegu, mpaka kinga ya mwili inazidiwa. Vitamini C na E huweza kusaidia kuzizima.

“Lakini vidonge si ngao,” alisema. “Kwanza toka kwenye ule moshi.”

Mume wangu alisikia neno vitamini tu. Alinunua makopo ya vidonge huko Kansanga, kwa muuzaji aliyemwahidi mapacha. Asubuhi anameza vidonge kiganja kizima, kisha huyo, anarudi kwenye tanuri. Na mimi akanisihi, “Mama asijue.”

Nilinyamaza, hadi siku mama mkwe alipoita ndugu Mbuya na kusema mbele yangu kwamba mwanawe atafutiwe mke mwingine. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anakwangua matope kwenye kiatu.

“Mimi ni mzima!” nikasema. “Nimepimwa kila mahali. Muulizeni yeye daktari alimwambia nini!”

Mama mkwe alisimama. “Mtoto yangu? Wewe nakosa heshima!”

“Mama,” mume wangu akasema, bado kainama, “ni kweli.”

Hakuna aliyeniomba radhi. Waligeukia habari za mvua, kana kwamba nilichomwaga pale ni chai.

Mwezi ule aliacha tanuri. Sasa anauza bidhaa za chuma zilizokwisha kutengenezwa, uwanjani, penye hewa. Vidonge anameza kimoja, alichoandikiwa na daktari. Alipopimwa tena baada ya miezi kadhaa, mbegu zilikuwa zimeongezeka, ingawa daktari hakutuahidi chochote. Mtoto bado.

Juzi, tukiwa tunakula, alisema, “Nilikuacha peke yako. Nisamehe.”

Nilimpakulia mchuzi. Nikamwambia nimesikia, lakini hasira yangu ina miaka, haitakwisha kwa mlo mmoja. Aliitikia kwa kichwa. Siku hizi akienda kupimwa huenda mwenyewe, bila kusukumwa, nami nabaki dukani kwangu nauza vitenge.