Mishale Iliyopimwa na Mukankusi

Mama yangu, Mukankusi, hajawahi kurusha mshale hata mmoja, lakini huko Masisi alikozaliwa, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, mbogo wengi walianguka kwa sababu ya kidole chake. Nasema kidole, si mdomo, ingawa mdomo nao anao.

Baba, Nsengiyumva, alikuwa mwindaji. Kundi lao lilikuwa na mwiko mmoja: mwindaji hapimi mshale wake mwenyewe. Walisema mtu mwenye uchu wa nyama hujidanganya, kwa hiyo mshale upimwe na mtu asiyekwenda porini. Wengine walipimiwa na kaka zao. Baba alimpa mkewe kazi hiyo, na wenzake walimcheka mpaka walipoiona mishale yenyewe.

Ni kazi ya subira, kitu ambacho mimi sikukirithi. Mshale wa ndege ukiwa mwepesi si neno. Wa mbogo lazima uwe mzito mbele ili uzito ukisukume kile chuma mpaka ndani. Ila ukizidisha, mshale unaanguka miguuni pako na mbogo anakuja. Mama alizungusha waya wa shaba nyuma ya chuma, kwa mkono wa kushoto kwa kuwa ana shoto, ukizungukia kinyume na wa wengine, kisha akaulaza mshale juu ya kidole, karibu na kichwa cha chuma. Ukiinamisha kichwa, alipunguza waya. Ukikiinua, aliongeza. Ukitulia, alipaka ulimbo na kumkabidhi mumewe.

Tulirudi Rwanda nikiwa mdogo, tukakaa Mbugangari, hapa Gisenyi, mji wa kando ya ziwa. Uwindaji ukaisha. Mbogo wa kwenye volkano sasa wana walinzi wao, na baba naye akawa mlinzi, wa depo ya viazi vinavyoshuka kutoka Bugeshi. Mama akauza mboga sokoni, akatusomesha, akagombana na kila aliyetaka kumpunja.

Sasa baba anasahau. Alianza na funguo, akaja kwenye majina, na tangu mwaka jana anamshukuru mama kwa adabu tupu, kama jirani aliyepita kuleta uji: "Asante, mama. Mungu akubariki." Mama hujibu "Amina," halafu huja jikoni kusugua sufuria ambayo imeshasuguliwa. Siku moja aliniuliza, "Tuyisenge, unafikiri ndani yake kule nimebaki hata kidogo?" Nikamwambia aache kujitesa na maswali. Ndivyo nilivyo, nikiumia nafoka.

Kilichomtuliza baba ni mshale mmoja wa zamani uliosalia. Alikaa nao kibarazani akiulaza juu ya kidole, saa nzima, ameridhika. Wiki iliyopita akaukalia, ukavunjika. Alihangaika mchana kutwa, akifungua na kufunga mlango. Nikashuka mpaka karibu na ziwa, kwenye duka la vitu vya watalii, nikanunua mshale mpya wenye manyoya mekundu. Nilidhani mshale ni mshale tu.

Baba akaulaza juu ya kidole. Mkia ukazama, mshale ukadondoka sakafuni.

"Hii ni nani alifunga?" akauliza, kwa Kiswahili cha Masisi, kile cha "njo" badala ya "ndiyo".

"Ni muzuri, Papa. Ni mupya."

"Muzuri ya nini? Iko mwepesi kama kijiti ya kuchokolea meno! Unataka mbogo inicheke? Mi siingii mu pori na hii." Akasimama kwa hasira. "Muite muke yangu. Mukankusi. Yeye njo anajua."

Mama alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Nusu yake ilimmwagikia kwenye kitenge.

"Mukankusi ni mi," akasema.

Baba akamtazama kwa huruma. "Hapana, mama. We uko muzee. Mukankusi iko kijana, tena iko mukali."

Mimi machozi yalikuwa tayari yananilenga. Mama akacheka. Alicheka kweli, mpaka akakaa chini mkekani.

"Bon, sawa," akasema, "leta basi nikutengenezee, tukimungojea."

Vidole vyake vimevimba kwa baridi yabisi, hata kufunga kifungo ni shida. Akaubandua waya kwenye kile kipande kilichovunjika, akaanza kuuzungusha kwenye mshale mpya. Akapima, akatoa, akaongeza, akapima tena. Nilinyoosha mkono kumsaidia, akanifukuza kwa jicho. Alipomaliza alikuwa amejiuma mdomo kwa maumivu, na uji ulikuwa umeganda.

Baba akaulaza mshale juu ya kidole, karibu na kichwa. Ukatulia. Akaupapasa waya kwa kidole gumba, akifuata upande unaozungukia, na uso wake wote ukalainika.

"Ni yeye," akasema. "Njo mukono yake ya kushoto."

Mama akaushika ukingo wa mkeka.

Baba akamwinamia, akashusha sauti ili mimi nisisikie. Zamani, wawindaji wa kundi lao walikuwa wakiondoka alfajiri bila kuaga. Miaka yote ile mama alibaki kitandani akisikiliza nyayo za baba zikipotea, na kwaheri hakuwahi kuipata.

"Mama, ukimuona, umuambie asiogope. Nikiwa na mushale yake, nitarudi kwake."

"Nitamuambia," mama akasema.