Undugu wa Chupa Moja

Ile friji ya damu bado inanguruma kichwani mwangu, na nilistaafu zamani. Miaka ya themanini nilikuwa maabara ya hospitali moja Nairobi. Mgonjwa akiongezwa damu, jamaa zake walitakiwa kuleta watu wa kutoa nyingine, ili friji isibaki tupu. Mtaani hawakuelewa hivyo. Waliamini damu ya jirani inatoka kwake na kumwingia mgonjwa moja kwa moja, na kuanzia hapo wawili hao ni ndugu.

Dada yangu mkubwa, aliyekaa Buruburu, alivuja damu baada ya kujifungua, nusura tumzike. Jirani yake, fundi wa kuchomelea vyuma kule Industrial Area, alikuja na ovaroli yake akatoa chupa moja. Dada alipopona, fundi akawa mtu wa nyumbani. Kila Krismasi firigisi ya kuku ilikuwa yake, shemeji yangu akimeza mate tu. Mimi nilijua dada ni kundi O na fundi ni B, na O haipokei B, kwa hiyo dada aliwekewa chupa ya mtu mwingine. Sikusema. Undugu ule ulinipendeza.

Wakati ule tulipima kaswende na, dawa za kupimia zikiwapo, homa ya ini. Kisha kikaja kipimo cha virusi vya ukimwi. Wenzangu walishangilia. Mimi niliogopa, maana kila chupa tuliyoanza kuitupa ilinikumbusha zile tulizokwisha kuwaongeza wagonjwa.

Fundi akaja tena, safari hii kumtolea mfanyakazi mwenzake.

"Daktari, niaje? Nyonya tu, damu bado iko mob, imejaa!"

Mimi si daktari, lakini hakukoma kuniita hivyo. Nilipima damu yake, nikarudia, nikamwomba mwenzangu arudie. Alikuwa na virusi. Daktari wa kweli akamwita akamweleza.

Jumapili iliyofuata nilimkuta sebuleni kwa dada, kofia mkononi, analia. Alikuwa amekwisha kumwambia kila kitu.

"Mama, nisamehe," alikuwa akisema. "Nimekuua na sikujua."

Dada alikuwa akiitazama mikono yake kana kwamba si yake. Uchungu ulinipanda nikapayuka: "Damu yake haikukuingia! Yeye ni B, wewe ni O. Ulipewa ya mtu mwingine."

"Mtu gani?" dada akauliza.

Sikujua. Kesho yake nilimtoa damu, nikashindwa kuipima. Mwenzangu ndiye aliyeipima. Dada alikuwa salama. Nililia pale pale kando ya friji bila aibu.

Jioni nikaenda mbio kwa fundi, nikidhani nampelekea furaha. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Kwa hivyo mama yuko sawa."

"Yuko sawa kabisa."

Akashusha pumzi, akatabasamu kidogo. Kisha nikaona lile tabasamu likimtoka.

"Na ile chupa yangu mlimwaga?"

"Hapana. Hatukuwa na kipimo wakati ule," nikasema.

Nyuma yake redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo.

"Basi niambie, daktari. Msamaha nikamwombe nani?"