Radhi Iliyokatikia Kwenye Betri

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu kisiwa kizima kilikuwa hakina umeme, na mdogo wangu Salama alikuwa kitandani hana siku nyingi.

Sisi wa Mji Mkongwe tuna ada yetu. Ukiwa na jamaa Maskati, maneno mazito huyaandiki. Unayatia kwenye kanda, msafiri akayapeleka. Salama alitaka kumpelekea radhi mwanawe Seif, aliyeko Maskati, ambaye waliachana kwa ugomvi. Redio yetu ya kanda ilishakufa zamani. Mjukuu wangu Rukia, aliyekuwa akisoma chuo kikuu kule Tunguu, akaja na kompyuta yake ya mapajani, kuukuu, aliyoitia programu za bure. Akaichaji dukani kwenye jenereta.

Programu zile hazina kosa. Rukia alijua kufifisha kioo, alijua kufunga visivyotumika. Lakini wenziwe walikuja kumtazama mgonjwa, naye akakaa nao ukumbini kuwaonesha madirisha ya kompyuta yanayozunguka kama pia, na samaki wanaoogelea ndani ya kioo.

Salama akasikia vicheko. "Rukia!"

"Naam, bibi."

"Hao samaki wako wanakula nini?"

"Hawali kitu, bibi, ni picha tu."

"Mjinga we. Hakuna kinachocheza bila kula."

Wasichana wakacheka. Rukia akaileta kompyuta kitandani, akaiweka irekodi. Salama akamsalimia mwanawe, akakohoa, akapumzika, pumzi ilikuwa fupi. Aliposema, "Seif, mwanangu, mimi..." kioo kikawa cheusi. Akamalizia, "...nshakuwia radhi, duniani na akhera." Tulisikia sisi, mashine haikusikia. Rukia akakimbia dukani kuichaji. Aliporudi, kauli ya Salama ishafunga, na haikufunguka tena.

Seif alifika tushazika. Akasikiliza salamu na kikohozi, mpaka pale panapokatika.

Nikamwambia, "Radhi umepewa. Nimesikia kwa masikio yangu haya."

"Mama mkubwa," akasema, "wewe ungeniambia hivyo hata kama hakusema."

Akarudi Maskati vile vile alivyokuja.

Basi nisikilize, wewe mwenye kompyuta kuukuu. Mimi sikusoma zaidi ya chuo cha Kurani, lakini haya Rukia alinieleza huku analia, nami nimeyashika. Fifisha kioo kabla hujaanza. Kama mtandao hamna, zima kile kinachoutafuta, maana kinautafuta kwa nguvu zako. Funga kila kisicho na kazi. Mapambo yatoe, programu za bure zimekupa ruhusa ya kuyatoa, ukiyaacha umeyataka mwenyewe. Akiba haiozi, ila betri iliyochoka haina hata akiba. Na lililo zito litangulize. Salamu zitafuata, zikikatika hazimuumizi mtu.

Mungu akupe nguvu za kutosha lile la lazima, na wazazi wako wakuwie radhi ungali mbele yao, unawasikia. Amin.