Mfungo wa Fundi Lokule

Mwaka 1988 baraza yetu pale Arua ilikuwa na watu watatu wa kazi: mimi na meza yangu ya vipuri vya baiskeli, Taban fundi cherehani, na Lokule fundi baiskeli. Duka lililokuwa nyuma yetu halikuwa na mlango wala bati upande mmoja. Vita vya 1980 vilikuwa vimechukua vyote viwili, na mwenye duka alikuwa hajarudi kutoka Zaire. Kwa hiyo hakuna aliyetudai kodi, nasi hatukuuliza anarudi lini.

Lokule alikuwa Mkakwa wa Dranya, kule Koboko, Mkatoliki, mtu wa miaka hamsini hivi. Alikuwa fundi wa magari jeshini mpaka 1979, akakimbilia Zaire na mkewe Paska, akarudi 1986 bila yeye. Paska alizikwa huko huko ukimbizini. Watoto hawakujaliwa. Aliyebaki ni dada yake Viktoria, aliyekuwa akilima Dranya, na Jumapili moja moja Lokule alipanda lori kwenda kumwona. Haya niliyapata kwa vipande vipande katika miaka miwili ya kukaa jirani, maana Lokule hakuwa mtu wa kujieleza. Ukimuuliza ameamkaje, anakujibu habari za gurudumu alilonalo mkononi.

Alichokuwa nacho kwa wingi ni sigara. Na sitajificha, aliyemuuzia ni mimi. Mezani kwangu, kando ya spoki na gundi, palikuwa na pakiti iliyofunguliwa, nikiuza moja moja. Kazi ya pancha ina utaratibu wake. Mteja anachutama na fundi kando ya karai la maji, wanatazama mapovu yanatokea wapi, mpira unakaushwa, unapakwa gundi, halafu mnasubiri ishike kabla ya kubandika kiraka. Pale kwetu muda huo ulikuwa muda wa sigara moja. Hakuna aliyetazama saa. Mteja alinunua mbili, moja yake, moja ya fundi. Asiyemnunulia fundi alionekana bahili, na mabahili walikuwa na bahati mbaya: viraka vyao viliachia kabla hawajafika Pajulu.

Sasa, mwaka 1987 Lokule alikohoa damu. Hospitali walimtibu kifua kikuu, miezi mingi ya sindano na vidonge, akapona. Siku ya kumruhusu wakamwambia maneno aliyonirudishia yeye mwenyewe bila kubadilisha uso. Pafu la kushoto limebaki viraka vitupu, na akiendelea kuvuta, safari nyingine asiwasumbue, aende moja kwa moja kwa mchimba kaburi. Nikamuuliza atafanyaje. Akasema ataacha. Nikamuuzia moja ya kufikiria jambo hilo.

Alijaribu wakati wa Kwaresima. Alisema Mungu anadai siku arobaini, na yeye atampa tumbaku. Lakini katika jambo hilo alikuwa peke yake. Wateja walimletea sigara yake kama kawaida, na alipokataa walimcheka. Afande umesimama mbele ya mizinga, walimwambia, leo unakimbia moshi? Mmoja alimchomekea sigara nyuma ya sikio akaondoka, na Lokule akafanya kazi mpaka mchana ikiwa hapo hapo. Siku ya tisa nilimkuta amegeukia ukuta kama mtu anayekojoa, anavuta. Alivuta hivyo mpaka Pasaka, amegeukia ukuta.

Wiki mbili baada ya Pasaka, Ramadhani ikaandama. Waislamu wa Arua ni wengi, wengine ni Wanubi wa tangu zamani, na baraza yetu ilibadilika asubuhi moja. Taban hakuvuta. Muuza mafuta ya taa hakuvuta. Nusu ya wateja walichutama kando ya karai mikono mitupu. Lokule alitazama mpaka saa sita, kisha akamwuliza Taban.

"Nyinyi naacha namna gani? Jana wewe ilimaliza pakiti mzima."

"Sisi naacha pamoja," Taban akasema. "Mutu moja peke yake hapana weza. Mwenzako iko nakaza, na wewe nakaza."

Lokule aliujaza mpira upepo, akauzamisha majini, akautazama. "Basi na mimi iko ndani."

Taban aliacha kukanyaga cherehani. Alisema alhamdulillahi kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeokota kitu na hataki wengine wajue. Kosa lilianzia hapo. Nililiona likianza, nikanyamaza, kwa kuwa halikuwa langu.

Lokule alifunga kama wao, chakula na maji na yote. Alisema kinywa kikipewa kimoja kitadai na kile kingine. Mchana haukumsumbua. Kilichomsumbua ni magharibi, maana adhana ikilia, mji mzima unakunywa maji na kuwasha sigara, na yeye alikuwa na chumba kimoja cha kwenda kukaa peke yake akitazama ukuta. Siku ya pili alikuja kwangu dakika hizo hizo, akasimama, akaondoka bila kusema alichotaka. Siku ya tatu Taban akamchukua kwao kufuturu.

Nyumba ya Taban ilikuwa chini ya mama yake, Hadijah. Mumewe alikuwa sajini, akatoweka 1979, na tangu hapo mama huyu aliwalisha watoto kwa kuuza gurusa, ule mkate mwembamba wa Wanubi. Sauti yake haikupanda, na hakukuwa na haja ipande. Alipojua mgeni anaacha tumbaku, alitoa amri kwamba hakuna atakayewasha mbele yake. Matokeo yake wanaume walikula matonge matatu wakakimbilia nyuma ya uzio kuvuta, na Lokule akabaki mkekani na bibi mwenye nyumba. Taban alinisimulia akicheka kwamba mwanajeshi mzima anafuturu na mama yake kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Hawakuongea sana, alisema. Mama huuliza leo siku ya ngapi. Lokule hujibu. Mama huuliza kama kifua bado kinamkaza. Lokule husema bado. Mama humsogezea uji.

Wiki ya tatu likaja neno kutoka Dranya, limebebwa na mtu wa lori. Viktoria alikuwa amesikia kwamba kaka yake amesilimu. Alisema asifike kwanza. Ndugu yao mkubwa, Amandu, alibadili dini jeshini akapata cheo na jina jipya, na mwaka 1980 watu wenye bunduki walikuja kumwita nje kwa jina hilo, wala hakurudi. Viktoria alisema hana machozi ya jina lingine.

Lokule alisikiliza huku akijaza upepo. Mtu wa lori alipoondoka, nilimwambia atume jibu, aseme si dini, ni tumbaku. Akasema mtu wa lori atafikisha nusu na kuongeza nusu yake, na kwenda mwenyewe na kifua kile, akafukuzwe mlangoni mbele ya watu, hapana. Nikamwambia basi awaambie akina Taban ukweli sasa hivi, maana siku ya Idd utakuwa ghali zaidi.

"Mimi nikisema leo," akanijibu, "magharibi nitakaa na nani?"

Nikarudi kupanga spoki zangu.

Asubuhi ya Idd watu walikuwa wanaelekea swala, na Lokule amekuja barazani kama siku ya kazi, kwa sababu hakuwa na mahali pengine. Taban akafika na wazee wawili wa msikiti. Mkononi alikuwa na kanzu mpya. Aliishona mwenyewe kwa kukadiria kwa macho, na ukitazama mabega ungeona amekadiria vizuri. Walikuwa wameshachagua na jina. Taban akamwita Kaka Sulemani, akamwambia avae, watachelewa.

Lokule alisimama. Mikono yake ilikuwa na grisi, akaiweka nyuma asije akaichafua ile nguo.

"Mimi ilikuja kwa sababu ya sigara tu," alisema. "Dini yangu iko Katoliki. Nyinyi hapana kosa. Mimi ndiyo ilinyamaza."

Mzee mmoja akamwuliza kama anamaanisha kwamba amekula futari ya Waislamu mwezi mzima kama dawa ya kikohozi. Lokule akasema ndiyo. Hakuongeza samahani wala nini, na nadhani hilo ndilo lililowaudhi zaidi, ingawa kwangu lilikuwa jibu la mtu mwaminifu. Taban aliikunja kanzu taratibu, mkono juu ya mkono, kama anavyokunja nguo ya mteja aliyekufa kabla ya kuichukua. Wakaenda kuswali.

Kesho yake Taban alihamisha cherehani mpaka ncha ya pili ya baraza. Sigara zikarudi, na safari hii kwa hamu ya mwezi mzima. Kila mteja aliyechutama pale karaini alivuta, na moshi ukamwendea Lokule usoni. Hakuna aliyemcheka sasa, wala hakuna aliyemsemesha. Waislamu walimwona tapeli, Wakristo walimwona ametoka kwa Waislamu na harufu yao. Kuna mtu wa Inde alileta gurudumu, akamweleza Lokule kasoro yake huku ananitazama mimi.

Mchana wa siku ile Lokule alipaka mpira wa mtu yule gundi, akaja mezani kwangu. Alinyoosha kidole kuelekea kwenye pakiti. Mimi ni mfanyabiashara, mtu akinyoosha kidole ninampa. Nilitoa sigara moja nikaiweka mbele yake, na kiberiti juu yake. Hakuichukua. Hakuondoka pia. Alikuwa anaitazama kama anavyotazama mpira ndani ya maji, akingoja povu.

Hapo ndipo Hadijah akaja. Hakuwa na kawaida ya kufika barazani, gurusa zake ziliuzwa upande wa soko. Alitusalimia wote kwa zamu, na mwanawe akasimama kama askari. Kisha akamgeukia Lokule.

"Fundi, iko siku sita ya Shawali, mwezi hii mpya. Hapana lazima. Mimi nafunga kila mwaka tangu baba ya Taban alipotea. Watu ya nyumba yangu wote nakula, mimi nakaa jikoni na njaa yangu. Wewe sasa iko mzoefu."

"Mama, mimi hapana badili dini."

"Nani naomba dini yako? Mimi natafuta mutu ya kukaa na njaa pamoja."

Lokule akafikiri. Alikuwa mtu wa kuangalia mpira mzima kabla ya kukubali kazi. "Na sita ikiisha?"

"Iko Jumatatu na Alhamisi. Hiyo hapana kuisha."

Taban akamwambia mama yake kwamba watu watasema.

"Watu iko nasema tangu zamani," Hadijah akamjibu. "Wewe shona."

Alianzia kesho yake. Nilirudisha ile sigara kwenye pakiti, na ikanunuliwa na yule mtu wa Inde.

Ningependa kusema mambo yakanyooka, lakini sivyo yalivyokuwa. Taban hakurudisha cherehani karibu. Waliamkiana asubuhi na kuagana jioni, basi. Viktoria hakutuma neno lingine mwaka ule, na Jumapili ambazo zamani Lokule alipanda lori alizimalizia chumbani. Wateja wengine walihamia kwa fundi mwingine aliyekuwa akivuta, kwa sababu kukaa na mtu asiyevuta gundi ikikauka ni kazi ngumu, ni lazima muongee au mnyamaze. Waliobaki walinyamaza naye.

Ila sigara hakuvuta. Jumatatu na Alhamisi, jua likianza kushuka, alinawa grisi kwa mchanga na maji ya karai, akafuata njia ya nyumbani kwa Hadijah. Mama hakumwingiza ndani tena, kwa ajili ya heshima ya mwanawe. Alitandika mkeka nje ya mlango, mahali ambapo kila apitaye atawaona. Nilipita hapo mara kadhaa nikirudi kwangu. Bakuli la uji lilikuwa katikati yao, kila mmoja ametazama upande wake wa barabara, wanasubiri adhana.