Chumba Chenye Jiko

Karatasi za viza ziliuliza swali moja lililoniudhi kuliko mengine yote: utalala wapi. Nikamwambia mjukuu wangu aandike kwamba nitalala kwa mwanangu. Mtu mwenye mtoto haulizwi atalala wapi.

Mjukuu wangu huyo ni mtoto wa binti yangu mkubwa. Anafanya kazi mpakani Horohoro, kwa mawakala wa forodha, kutwa anajaza karatasi za malori yanayovuka kwenda Mombasa, kwa hiyo karatasi hazimtishi. Alikuwa ameomba likizo yake yote ili anisindikize. Akaweka kalamu chini.

"Bibi, mjomba amesema tutafute chumba."

"Chumba cha nini?"

"Cha kulala sisi."

"Kwani yeye halali?"

Akaichukua tena kalamu, akaanza kuichezea.

Huyo mjomba wake ndiye kitinda mimba wangu. Aliondoka Tanga na meli ya mizigo, ndevu hazijamkaa vizuri, na sasa akinitumia picha naona zimeingia mvi. Meli ilimfikisha Ugiriki, akashuka, akapata kazi katika mji mdogo wa kisiwani, mji unaojaa watalii wakati wa joto. Wagiriki si watu wageni kwetu. Baba yangu alifanya kazi kwenye shamba la mkonge la Mgiriki, na mimi nikiwa mdogo nilidhani Ugiriki ni upande wa Korogwe. Kila mwaka mwanangu alikuwa karibu arudi, na kila mwaka kadi yake ya ukaazi imeisha na nyingine haijatoka. Akiondoka bila hiyo kadi, kazini harudi tena.

Nilimsubiri. Kisha daktari akaniambia nina presha ya macho. La kushoto limekwisha, la kulia linashikiliwa na dawa tu, na dawa haiahidi kitu. Nikatoka hospitali, nikauza machungwa ya shamba langu la Muheza yangali mtini, nikamwambia mjukuu wangu: kama yeye hawezi kuja, nitakwenda mimi. Nataka kumwona uso wakati bado ninaona.

Sasa huyu mtu ninayevuka nchi kumfuata anasema nitafute chumba. Na si kwamba hana pa kukaa. Miaka yote nikimuuliza unakaa wapi, jibu lake lilikuwa moja: "Nakaa hotelini, mama." Mimi nilikuwa nawaambia watu. Msibani nilisema, harusini nilisema. Mwanangu anakaa hotelini.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, nyumba yake na yangu zinatazamana, na mdomo wake haujawahi kupata likizo. Alipopata habari alikuja na kiti chake mwenyewe.

"Wifi, nasikia mwana anakaa hotelini, mama anatafutiwa gesti. Dunia imegeuka."

"Dunia haijageuka. Shingo yako ndiyo imegeuka kwa kutazama mlango wangu."

Akacheka. Lakini aliponiacha, lile neno lilibaki.

Mjukuu wangu naye alikosea, akalitumia. Alikuja na simu yake, amefurahi. "Bibi, nimeona gesti nzuri, rahisi, na haiko mbali na bandari." Nikamwambia alirudie. Akalirudia, sauti imepungua. Huko kwao labda ni nyumba ya heshima. Kwetu gesti mtu haingii na sanduku la nguo, anaingia akitazama nyuma. Unapewa kipande cha sabuni na kandambili zisizofanana, na asubuhi kila mtu anajifanya hakuoni. Mimi na umri huu sijalala gesti, si Tanga, si Pemba. Pemba nimekwenda harusini na matangani mara nyingi. Ukishuka Wete unataja jina la mwenyeji wako, mtu anakushika mkono mpaka mlangoni, na unakuta maji ya kuoga yameshatengwa. Hicho ndicho kisiwa ninachokijua mimi.

Nikasema siendi.

Nilisema kweli, sikuwa natishia. Nikarudi kwenye kazi zangu na matone yangu ya macho. Mjukuu wangu hakubishana. Ana tabia ya marehemu babu yake, ukimkatalia anakaa karibu yako anaendelea na alichokuwa akifanya. Alikaa barazani akitafuta vyumba kwenye simu na kunisomea kwa sauti, kama mtu anayejisomea mwenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza mambo ya vyumba vya huko, bila kuuliza. Miezi ya joto bei inapanda, maana kila mtu anakimbilia baharini. Ukienda mapema, kabla hawajafika, chumba kilekile kinashuka sana, ila nyumba nyingine zinakuwa bado hazijafunguliwa. Vya karibu na bandari ni ghali. Vya mlimani ni rahisi, lakini mji wenyewe ni ngazi tupu. Akanionyesha picha. Nyumba nyeupe tupu, zimepigwa chokaa, zimepandana.

"Haya ni makaburi?"

"Ni nyumba, Bibi. Na huku juu kuna magofu ya zamani, watu wanalipa kuyaona."

"Magofu yako hapa kwetu Tongoni. Wakalipe Tongoni."

Akasogeza picha nyingine. "Hii ina chai ya asubuhi bure."

"Hakuna chai ya bure. Imo ndani ya bei. Waulize bila chai ni kiasi gani."

Akaandika. Nikaona nimeshaanza kusaidia, nikaondoka kwenda jikoni.

Siku moja baada ya adhuhuri alimpigia mjomba wake kumuuliza upande gani wa mji hauna ngazi nyingi. Alipiga ile simu ya kuonana. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwake nachambua mchele. Mwanangu alipokea haraka, nadhani alidhani ni simu ya sauti tu, maana simu ilikuwa imeshikwa hovyo ikitazama chumba badala ya uso. Nikaweka ungo chini, nikaisogelea kwa jicho langu la kulia.

Niliona vitanda vya dabodeka, kama vya bweni. Taulo na mashati yamening'inizwa kwenye kila chuma. Mwanamume mmoja amelala amejifunika uso, miguu yake mikubwa imetokeza nje ya blanketi. Chini ya dirisha palikuwa na magunia ya vitunguu.

"Hapo ni wapi?" nikauliza.

Picha ikatikisika, uso wake ukatokea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeuliza hapo ni wapi."

"Hotelini."

"Hoteli gani ina vitanda vya bweni na vitunguu?"

Mjukuu wangu alikuwa ameangalia chini.

"Hoteli ya chakula, mama," akasema. "Kama ile ya stendi ya Muheza, kubwa zaidi tu. Naosha vyombo, siku nyingine nakata samaki. Juu ya jiko kuna chumba, ndipo tunapolala sisi wafanyakazi. Nitakulaza wapi hapa?"

Niwaeleze wasomaji ambao ni vijana. Kwetu sisi wazee, hoteli ni mahali pa kula. Marehemu mume wangu akisema amekula hotelini, maana yake amekunywa chai na kula maandazi kwenye banda lenye meza za bati. Haya ya hoteli kuwa mahali pa kulala, pa shuka nyeupe na lifti, yamekuja baadaye. Mwanangu miaka yote alikuwa akisema Kiswahili cha nyumbani, mimi mkongwe ndiye niliyesikia cha mjini, kwa sababu maneno yalikuwa yanatoka Ulaya.

Nikamuuliza kama alijua kwamba sikumwelewa.

"Nilijua, mama. Ulikuwa umefurahi."

Sikumbembeleza. Sijui kubembeleza kwenye simu. Nilimwambia amfunike yule mwenzake miguu, atapata baridi. Akageuka, akamfunika. Kisha tukaagana.

Nikarudi kwenye ungo. Niliumaliza mchele, kokoto moja moja. Mtu aliyekuwa akinionea haya, mimi nilikuwa nimemkasirikia. Na sasa nikaona mambo yamefungwa pande zote. Nikienda kwake, namvua nguo mbele ya wenzake. Nikilala gesti akaja kunitazama kama mtu anayekuja kumtazama mgonjwa, akae kwenye ukingo wa kitanda saa moja kisha aage, nimekwenda kufanya nini? Na nisipokwenda, jicho halitanisubiri.

Asubuhi yake, baada ya sala, nilimwita mjukuu wangu.

"Tafuta chumba chenye jiko."

"Bibi, si ulisema hutaki—"

"Nimesema chenye jiko. Wewe tafuta."

Kwetu mwenye nyumba si anayelipa kodi. Mwenye nyumba ni anayepika. Nimeona wanaume wana hati mkononi na hawana usemi wowote juu ya sufuria, na wapangaji wanawake ambao mtaa mzima unasema "kwa fulani" kwa sababu moto ni wao. Anayepika ndiye anayekaribisha. Nikiwasha moto wangu pale, nimehamia, na huyo atakuwa anakuja kwa mamake kula. Haoni haya mtu kula kwa mamake.

Tukaanza upya. Chumba chenye jiko si lazima kiwe ghali, hilo ndilo lililomshangaza mjukuu wangu. Kilikuwa ghali kama ukitaka na bahari dirishani.

"Hiki kina jiko, Bibi, kiko chini, hakina ngazi. Lakini kinatazama uani. Bahari haionekani."

"Bahari ninayo hapa Tanga. Siwezi kupanda ndege kwenda kulipia bahari."

Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja anayeishi palepale uani. Mjukuu wangu akamwandikia maswali yangu yote: maji ya chooni yapoje, jua linachomozea upande gani nipate kujua kibla, na kama tukikaa wiki nzima kabla ya watalii anapunguza. Alijibu kwa maneno machache, nikampenda kwa hilo. Maji yapo, ndoo atatupa. Jua linachomozea kwenye mti wake wa tini. Atapunguza, lakini gesi tutanunua wenyewe na sufuria tuzirudishe safi. Nikasema huyo ni mtu wa kwetu, mwandikie tunakuja.

Nilimpigia mwanangu mwenyewe.

"Nimepata nyumba huko kwenu. Utakuja kula kwangu."

Nikasikia akifunga bomba la maji. "Mama, na wenzangu wanaweza kuja? Hawajala chakula cha mzazi siku nyingi."

"Waje. Lakini siku ya kwanza uje peke yako."

Wifi yangu alikuja tena na kiti chake. Nilimweleza yote, na hoteli ni hoteli gani, kabla hajasikia kwa wengine. Nikajiandaa kwa ulimi wake. Akatazama uani kwangu muda mrefu.

"Amekonda?"

"Usoni sikumwona vizuri."

Akaondoka bila kuchukua kiti. Akarudi na bizari ya pilau ameisaga mwenyewe, ameifunga mara tatu, na juu yake akaweka mbuzi yake ya kukunia nazi, ile ya mvule aliyoachiwa na mamake.

Mjukuu wangu aliiona, akashika kichwa. "Bibi, mbuzi hapandi ndege. Ina chuma chenye meno. Uwanjani watatuuliza."

"Watauliza nini? Waambie ni mbuzi."

"Nikiwaambia ni mbuzi ndiyo itakuwa mbaya zaidi."

Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Mbuzi ilibaki. Bizari ilikwenda.

Viza ilipotoka tulisafiri, na meli ilipotushusha kisiwani mwanangu alitupokea bandarini. Alinikumbatia, nikanusa vitunguu shatini mwake, lakini kumwona sikumwona. Jua la huko likipiga kwenye zile kuta nyeupe linarudi usoni kama kioo, na jicho langu likafunga likatoa machozi. Akadhani nalia. Nikamwacha adhani. Alitufikisha kwenye chumba, akaweka mizigo mlangoni, akakimbia kazini kwa sababu ruhusa yake ilikuwa fupi.

Nilitafuta kibla kwa ule mti wa tini. Nikaomba ndoo. Mjukuu wangu akanunua gesi, mchele na samaki, na nazi ya kwenye kopo, ambayo niliionja nikanyamaza. Nikapika. Harufu ya bizari ya wifi ikatoka nje, yule mama mwenye nyumba akasimama uani akinusa, nikampelekea sahani.

Kisha nikasikia mlango unagongwa, polepole, kama mtu anayegonga ofisini.

"Nani?"

"Mimi, mama."

"Wewe nani unayegonga kwa mamako kama mdai?"

Akaingia ameinama, ameoga, amevaa shati la kupigwa pasi. Akasimama katikati ya chumba, hajui akae wapi, kama mgeni kweli. Nikapakua. Nikasogeza kiti karibu na dirisha la uani, ambako mwanga ulikuwa mpole.

"Kaa huku," nikamwambia. "Upande wangu wa kulia."