Waya Usiokatwa

Kuna watu hawawezi kuona mlango wazi wasiufunge. Mama Waya hakuweza kuona waya mrefu asiukate. Ukimpelekea pasi yenye waya wa kuzunguka meza mara mbili, utarudi nayo ina waya wa kufika ukutani tu, tena umenyooka. "Waya mrefu ni mbea," alikuwa akisema. "Neno la hatua mbili unalizungusha mtaa mzima." Ukilalamika anakuonyesha mlango, na hasira huna, maana pasi inafanya kazi.

Kibanda chake kilitosha meza, stuli na mteja mmoja asiye mnene. Kazi aliipata kwa marehemu mumewe, na wala hakufundishwa. Miaka saba alimshikia tochi, na mshika tochi huona mengi kuliko mshika koleo. Mume alipofariki, wateja walikuja kuchukua redio zao wakidhani ndiyo basi tena, wakazikuta zinaimba. Huu ni mwaka wa ishirini na moja, na hakuna aliyewahi kuuliza tena fundi yuko wapi.

Alhamisi asubuhi akaingia mshonaji wa nyumba ya kona, akakalia stuli bila kukaribishwa. Walijuana tangu nywele zao zote zikiwa nyeusi.

"Mwenzangu, mume wangu amenuna," akasema.

"Kanuna na nani?"

"Na tivii."

Mumewe huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva, aliendesha malori miaka thelathini na mmoja, na ngurumo za injini zikamwachia masikio nusu. Sauti aliyoisikia vizuri ni ya zile spika mbili kubwa za sebuleni. Makasha yake aliyaranda marehemu mume wa Mama Waya kwa mbao za kitanda kilichovunjika, na Mama Waya mwenyewe ndiye aliyelehemu nyaya zake za ndani. Sasa watoto wao, Mungu awabariki, wamewaletea wazazi tivii mpya, nyembamba kama sinia, na ile ya zamani wakaondoka nayo. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Sauti ya tivii hiyo inatokea mgongoni, kwa hiyo inazungumza na ukuta. Na spika kubwa hazina pa kuchomekwa.

"Wiki ya kwanza aliniuliza kila neno," mshonaji akaendelea. "Kasema nini, kasema nini. Nikachoka, nikamjibu vibaya. Sasa haulizi. Anakaa uani, kaipa sebule mgongo. Nami naangalia habari peke yangu kama mjane." Akakumbuka anaongea na nani, akajishika mdomo. "Nisamehe, mwenzangu."

"Mjane ni mimi. Wewe una mtu uani," Mama Waya akamjibu. "Nakuja."

"Basi fanya hima. Jumapili watoto wanakuja, na wamesema zile spika wanazitupa, waweke meza ya kioo."

Mama Waya akaenda, akapiga magoti nyuma ya tivii. Alikuwa akitafuta matundu mawili, jekundu na jeupe, ambamo nyaya za amplifaya kuukuu ya zile spika zilizoea kuingia. Hayakuwapo. Palikuwa na kitundu kimoja cha mraba chenye kijimlango, na ndani yake kitaa chekundu kikimkodolea jicho. Hakukijua. Kuuliza si ujinga, akaenda duka la vyombo vya umeme, na binti muuzaji akampa kikasha kidogo cha kubadilisha sauti. Upande mmoja kilikuwa na kitundu kile kile cha mraba, upande wa pili jekundu na jeupe. Akampa na waya mweusi mwembamba wa kuunganishia.

"Huu unapitisha mwanga, mama. Haupitishi umeme," binti akamwambia.

Mama Waya akaitikia kwa adabu tu. Wauzaji nao wana maneno. Mwaka jana walimwambia kuna pasi yenye akili.

Ijumaa mchana alichomeka ncha moja kwenye tivii, akakiweka kikasha juu ya amplifaya, akapima kwa mkono. Shibiri tatu. Waya wenyewe ulikuwa mita mbili. Jamani, ungetegemea nini? Mkono ulifika kwenye koleo kabla ya kichwa, na waya ukakatika, kap.

Akaumenya ili aunge ile ncha nyingine. Shaba hakuiona. Akakwangua kwa wembe, shaba hakuna. Ndani mlikuwa na kitu kama mshipi wa kuvulia samaki, na pale alipokata palitoka nukta ndogo nyekundu, ikamulika kidole gumba chake. Binti wa watu alikuwa amesema kweli.

Mama Waya akahisi uso unamwaka. Miaka yote hiyo hakuwahi kuharibu kitu mbele ya mwenye kitu, na sasa Dereva alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani akimtazama.

"Vipi, shemeji?"

"Nimeukata," akasema kwa sauti ya chini.

"Eti?"

"Nimeukata waya."

"Sikusikii, shemeji."

"Nimekata waya usiokatwa!" Ikabidi apaze sauti mpaka jirani akachungulia dirishani. Aibu hainong'onwi kwa asiyesikia.

Dereva akacheka hadi akashika fremu ya mlango. "Mimi niliwahi kujaza petroli lori la dizeli," akasema, "na tajiri wangu yuko ndani, kalala." Kisha akarudi zake uani. Mama Waya alishukuru kwa kicheko kile, lakini mgongo ule unaoondoka ulimuuma kuliko waya.

Jumamosi alirudi dukani akasema kosa lake lote, bila kuongeza wala kupunguza. Binti hakucheka, akaenda kutazama rafuni. Mfupi umekwisha, umebaki mmoja wa mita tatu.

"Hauungwi?"

"Ukikatika umekufa, mama. Na ncha zake zina vifuniko vidogo, vivue kwanza."

Alivivua. Alichomeka huku, alichomeka kule, akawasha. Kimya. Mshonaji alisimama nyuma yake amefumbata mikono. Safari hii Mama Waya hakugusa koleo. Aliazima miwani ya mshonaji, akakaa sakafuni akasoma karatasi ya maelezo kutoka juu hadi chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Humo ndimo alimoona kwamba tivii inaweza kutoa sauti kwa aina kadhaa, na kikasha chake kinaijua moja tu, ile inayoitwa PCM. Akashika rimoti, akaitafuta, akaichagua.

Spika zikakohoa. Kisha mtangazaji wa habari akajaa sebuleni, sauti nene, kama amevuta kiti akakaa nao. Ile ngurumo ya chini ya mbao za kitanda Mama Waya aliijua, akafurahi hata macho yakamlowa, wala hakujificha. Meza ya kioo ingetafuta pa kwenda.

Hakuna aliyemwita Dereva. Alikuja mwenyewe, polepole, akasimama kidogo mlangoni, halafu akaenda kwenye kiti chake cha zamani akaketi na kuinamisha kichwa kusikiliza. Mama Waya akaanza kuukunja ule waya mrefu, mizunguko mikubwa kama binti alivyomwelekeza, akauficha nyuma ya spika. Haukumpendeza hata kidogo. Akauacha.

Mshonaji alikuwa ameingia jikoni kuandaa chai. Kutoka huko akauliza, "Kasema nini?"

Dereva akageuza shingo. "Kasema barabara ya bondeni imefungwa. Daraja limeng'oka, magari yapite juu."

"Sikusikia."

"Barabara ya bondeni," akarudia, pole kwa pole, neno baada ya neno, "imefungwa. Magari yapite juu."

Mama Waya akamtazama mshonaji kupitia mlango wa jikoni. Alikuwa amesimama na birika mkononi, anatabasamu. Alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza.