Shangazi, Kisu na Mpira wa Masista

Shangazi yangu hakunipenda, nami sikumpenda. Baba alinitoa kijijini Lweba akanipeleka kwake katika mji wa Baraka ili nisome kwa masista, na siku niliyofika shangazi alinitazama toka nyayo hadi utosi.

"Murefu hivi, nani atamuoa?" aliwauliza majirani, nami nimesimama palepale.

Shuleni urefu huo ulipata kazi. Sista mmoja kijana, mgeni kutoka Ubelgiji, alipigilia pete mbili za pipa juu ya nguzo, akaleta mpira wa ngozi, akatufundisha basketi. Mara yangu ya kwanza kuurusha, ulipita katikati ya pete bila kugusa chuma. Hakuna aliyeshangilia. Wenzangu walisema sista ananipendelea, na kila alipogeuka walinipiga viwiko mbavuni. Niliwarudishia.

Hata hivyo, kufikia hapo nilikuwa nimeposwa na familia moja ya kijiji cha Swima. Siku tulipocheza na wasichana waliotoka Fizi, mama mkwe wangu mtarajiwa alikuwa Baraka, na shangazi akampitisha uwanjani wakitoka sokoni kuuza ndagala, vidagaa vya ziwani. Niliruka kuudaka mpira, sketi ikapanda juu ya magoti. Yule mama akatema mate chini.

"Huyu hapana bibi ya mutoto yangu," akasema kwa sauti. "Anaruka mbele ya banaume! Atazala namna gani?"

Watu wakacheka. Kwa aibu, shangazi akaingia uwanjani, akauokota mpira uliokuwa umeviringika hadi kwenye mstari.

"Shangazi, leta mupira," nikamwambia.

"We ni nani wa kunituma mimi?"

Akachomoa kisu chake cha kupasulia samaki, akaudunga. Ulikuwa mpira pekee tuliokuwa nao. Ulinywea mikononi mwake huku watu wote wakitazama. Nilimsukuma kifuani, akaanguka chali.

Mamere, mkuu wa masista, alifika mbio. Hakuuliza kisu kilitoka wapi.

"Piga magoti, uombe shangazi yako musamaha."

"Hapana, Mamere."

Posa ikavunjika wiki ileile. Shangazi akatupa mkeka wangu nje, nikahamia bweni la shule. Adhabu yangu ilikuwa kulima shamba la mihogo la misioni peke yangu hadi likizo. Wenzangu waliacha kula nami sahani moja. "Juu yako hatuna mupira," walisema, yaani kwa sababu yangu, na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana liliniuma kuliko jembe.

Nilifunga majani makavu ya migomba kwa kamba, nikapata kitu cha mviringo kisichodunda. Sikuweza kukimbia nacho wala kumpasia mtu. Niliweza kulenga tu. Basi kila jioni, mikono ikiwa na malengelenge, nililenga pete ile ya pipa mpaka kengele ya sala.

Mpira mwingine ulipofika kwa meli, miezi mingi baadaye, nilikuwa sikosi. Wasichana waliendelea kunichukia, lakini walinipa mpira, kwa kuwa walichukia zaidi kushindwa. Tulikwenda Fizi tukawafunga kwao. Nilichezea shule hiyo, kisha shule ya ualimu kule Bukavu. Kila uwanja ulikuwa na mtu wa kuniita mwanaume. Nilisikia, nikarusha.

Nilirudi Baraka kufundisha kabla tu ya uhuru, nikawachukua wasichana wadogo wa darasa langu, nikawafundisha kuruka. Siku moja shangazi alipita barabarani, akasimama. Tulikuwa hatujasemeshana miaka yote hiyo. Aliwatazama wakigombea mpira chini ya nguzo, vumbi likipanda.

"Bado unaharibu batoto ya bantu," akasema.

"Bado, shangazi."

Alingoja, labda niongeze neno. Nikapuliza filimbi, nikamwambia msichana aliyekuwa karibu na nguzo anyooshe mikono.